Vipimo Vitano vya Mwanga wa Nne

Nilipostaafu mwezi uliopita, walimu wa idara ya fizikia walinipa saa ya ukutani, blanketi na ombi kwamba niwaandikie kidogo niliyojifunza kazini. Saa haiendi. Blanketi ni zuri. Ombi nimeliahirisha mara tatu, maana kila nikishika kalamu nataka kuanza na vyeo, kisha nakumbuka kwamba vyeo vyangu havijazi hata nusu ukurasa. Basi nitawaandikia habari za mtu mmoja na grafu moja. Mkimaliza kusoma mkataka blanketi lenu, nitalirudisha.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ambayo sitaitaja, juu kidogo ya mji wa Meru. Nilikuwa na shahada mpya na suruali fupi kuliko miguu yangu. Mwalimu mkuu alinikabidhi kwa fundi wa maabara na kwenda zake. Fundi huyo aliitwa Njeru, mtu wa Kianjokoma, kule Embu. Alikuwa amenizidi kama miaka ishirini, na masomo yake yaliishia kidato cha nne. Hakunipa karibu wala chai. Alinionyesha ameta ya kupimia umeme mezani.

"Mwalimu, hii inasoma ngapi?"

"Sifuri," nikasema.

"Inama."

Niliinama mpaka jicho likawa sawa na sindano. Haikuwa sifuri. Ilikuwa juu ya sifuri kidogo, upana wa unywele.

"Ukisimama inakudanganya," alisema Njeru. "Nyinyi wa digrii hampendi kuinama."

Hiyo ndiyo semina pekee ya walimu wapya niliyowahi kupata, na sijawahi kuhudhuria iliyo bora. Kwa miaka iliyofuata Njeru alinifundisha mengine: kwamba betri ya zamani hupimwa ikiwa kazini, si ikiwa imelala, kwamba saa ya kupimia muda huwa mvivu asubuhi ya baridi ya Julai, kwamba kipimo usichokipenda hupimwa tena, na kikikataa kubadilika, kinaandikwa.

Hilo la mwisho ndilo lililotugombanisha, kwa sababu mimi nilikuwa nimejijengea jina kwa kufundisha kinyume chake. Mnajua mtihani wa vitendo ulivyo. Mwanafunzi anapima mara sita, anachora grafu, na mtahini anatarajia mstari ulionyooka. Mimi niliwafundisha vijana kupika. Nilisema hivyo hivyo darasani, bila haya: pima mara mbili kwa uaminifu, chora mstari, kisha zile pointi nne nyingine zisome kutoka kwenye mstari. Pointi ikikaa nje ya njia, irudishe nyumbani. Wanafunzi walinipenda. Matokeo yalipanda. Wazazi walinisalimia kwa mikono miwili. Njeru alikuwa akisimama mlangoni mwa maabara, kitambaa begani, akitazama grafu zilizonyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Darasa zima," alisema siku moja, "na hakuna hata mmoja ametetemeka mkono."

Nilicheka. Nilikuwa na kipaji cha kucheka mahali pasipostahili.

Katikati ya miaka hiyo nilijiandikisha chuo kikuu, Nairobi, kusomea shahada ya pili huku nikifundisha. Msimamizi wangu, ambaye nitamwita Daktari kwa kuwa bado yu hai na ni mtu mwema, alikosa mada ya kunipa kwa muda mrefu. Kisha, mwaka 1997, mambo yakatokea angani. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wamejua kuna milipuko ya miale ya gama, mimweko ya sekunde chache inayotoka pande zote za mbingu, lakini hakuna aliyejua inatoka umbali gani wala kwa nini. Mwaka huo darubini ziliwahi kugeuzwa upesi, na zikakuta kwamba mlipuko ukizimika unaacha mwanga hafifu nyuma yake, unaofifia kwa siku na majuma. Dunia nzima ya watu wa nyota ikashikwa na wazimu. Daktari naye akashikwa kidogo. Akanipa mada: kukusanya vipimo vya mianga hiyo vilivyochapishwa na wengine, kuchora jinsi kila mmoja ulivyofifia, na kuona kama nadharia inakubali.

Kwa hiyo mimi, mwalimu wa Meru ambaye hata darubini ya kutazamia ndege sikuwa nayo, nikawa mtaalamu wa vifo vya nyota. Vipimo vilikuja kama nakala zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, Daktari akizituma kwa basi, nami nikizifuata ofisi ya mabasi pale Makutano baada ya vipindi, nikisimama katikati ya magunia ya viazi kumwuliza karani kama bahasha yangu imefika. Alizoea kuniambia, "Nyota zako bado, Mwalimu." Zikifika nilizipeleka maabara. Njeru alikuwa amenitengea meza karibu na dirisha, na Jumamosi alasiri tulikaa hapo wawili, mimi na kikokotoo, yeye akisafisha chupa na kuuliza maswali.

Nilimweleza hivi, na ninyi nawaeleza hivyo hivyo, maana ndiyo njia fupi. Nyota kubwa mno, nzito kuliko jua mara nyingi, inapoishiwa, kiini chake huporomoka. Kitu fulani hutoka humo kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga. Mmweko wa gama ni wa kitu hicho chenyewe. Lakini mwanga unaobaki si wake peke yake. Unatokana na kitu hicho kuivamia gesi iliyoko kando ya nyota, kuisukuma na kuipasha moto mpaka ing'ae. Kwa hiyo namna mwanga unavyofifia inakuambia mlipuko ulikutana na nini njiani. Nadharia niliyopewa ilidhani gesi hiyo imeenea sawasawa kila mahali. Ukichora ung'avu na muda kwenye karatasi ya logi, unapata mstari ulionyooka wenye mteremko wa wastani. Mistari iliyonyooka! Nilijiona niko nyumbani.

Mianga mitatu ya kwanza ilikaa vizuri. Wa nne ulikuwa na vipimo vitano tu. Vitatu vya mwanzo, ukikubali kwamba kila kipimo kina ukungu wake wa shaka, vingeweza kubeba mteremko wa nadharia. Viwili vya mwisho vilikuwa chini. Si chini kidogo. Mwanga ule ulikuwa ukianguka kasi kuliko ulivyoruhusiwa, na hakuna namna ya kuinama iliyoweza kuurudisha.

Nilichukua karatasi mpya, nikachora vitatu, nikapitisha mstari. Pembeni niliandika kwamba vipimo vya baadaye vimeachwa kwa kuwa mwanga ulikuwa umefifia kupita uwezo wa vyombo. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo popote. Niliitunga sentensi hiyo kwa urahisi ambao mpaka leo unaniogopesha. Mkono ulikuwa umezoea.

Njeru aliweka chupa chini akaja kuangalia. Alikuwa ameshaona karatasi ya kwanza.

"Hizi mbili zimeenda wapi?"

"Ni hafifu mno. Haziaminiki."

"Aliyepima alisema haziaminiki?"

"Mzee Njeru, nadharia inajulikana. Gesi imeenea sawa, mteremko ni huu."

"Nani alifagia?"

Sikumwelewa. Alinivuta kwa kiwiko mpaka dirishani. Ng'ambo ya ua wa shule, kwenye ukingo wa barabara, palikuwa na wachuuzi wa miraa wawili watatu ambao walikuwa wamekaa pale tangu asubuhi, wakiuza kidogo na kutafuna zaidi.

"Angalia yule wa kofia. Amekaa tangu saa tatu. Miguuni kwake vijiti vimejaa, huoni udongo. Hatua moja mbali, ni vichache. Hatua tatu, kimoja hapa kimoja pale. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Si uliniambia hizi nyota kubwa zikizeeka zinapuliza ngozi yao nje, miaka maelfu? Sasa mtu anaishi akitema, akitema, halafu siku ya kufa wewe unasema amefia mahali pamefagiwa? Hiyo mlipuko ianze kwa uchafu mwingi, iende ikipata kidogo, kidogo. Si itazimika haraka?"

Nakumbuka vizuri nilichofanya. Nilimpiga bega na kusema, "Mzee, ungesoma ungetusumbua."

Naye akasema, "Ningesoma ningekaa na wewe kwa meza, si kwa sinki," akarudi kwenye chupa zake.

Miezi ikapita. Tasnifu ikachapwa na mwanamke mmoja mjini aliyeandika neno gama kwa namna tatu tofauti. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kuiwasilisha, na usajili wangu ulikuwa unaishia wakati huo huo, baada ya kuongezwa mara mbili. Hapo bahasha nyingine ikafika Makutano. Ndani palikuwa na nakala ya makala mpya na karatasi ndogo ya Daktari: "Kwa taarifa yako." Niliifungulia pale pale kwenye magunia. Waandishi walisema kwamba kama milipuko hii inatokana na nyota kubwa zinazokufa, basi haitokei katika gesi iliyoenea sawa. Inatokea ndani ya upepo ambao nyota yenyewe imekuwa ikiupuliza maisha yake yote, mzito karibu na nyota, na unaopungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili mbali, unakuta robo. Mwanga wa namna hiyo hufifia kasi zaidi. Walitaja mifano, na mmojawapo ulikuwa mwanga wangu wa nne, na vipimo vyake vyote vitano.

Nilipanda kilima mpaka shuleni kwa miguu, nikihema. Njeru alikuwa anahesabu lenzi. Nilimsomea aya ile kwa Kiswahili, polepole. Aliniomba niirudie. Niliirudia. Akakaa juu ya kiti cha wanafunzi, jambo ambalo hakuwahi kufanya mbele ya mwalimu, akafunika mdomo kwa kile kitambaa chake.

"Kwa hivyo ni ukweli," alisema.

"Ni kweli. Nitaiweka, Mzee. Nitarudisha pointi mbili, niongeze sura, niandike kwamba wa kwanza kunieleza ni wewe. Jina lako litaingia kwenye kitabu cha chuo kikuu."

Niliposema hivyo nilimaanisha. Naomba mniamini, ingawa sitawalaumu mkikataa.

Siku hiyo hiyo nilimpigia Daktari simu kutoka posta. Nilisema nataka kuongeza sura.

"Kirimi, ukifungua sura hiyo, kazi yote ya nyuma inahojiwa. Hutamaliza kwa wiki tatu. Usajili ukiisha, unaanza upya au unaacha. Una mtu wa kukurudisha darasani miaka mingine mitatu?"

"Sina."

"Basi iwasilishe kama ilivyo. Mambo ya upepo mwachie atakayekuja."

Sikumwambia kwamba kuna vipimo viwili nilivyovitupa. Yeye alidhani ninaacha wazo jipya. Mimi nilijua ninaacha ukweli wa zamani. Kurudisha pointi mbili kungechukua alasiri moja. Kueleza kwa nini ziliondoka kungechukua shahada nzima. Niliipeleka kwa mfunga vitabu ilivyokuwa.

Jumatatu Njeru alinisubiri mlangoni.

"Imeingia?"

"Imeingia," nikasema.

"Zote tano?"

"Zote tano. Na jina lako, sura ya mwisho."

Alifuta meza yangu, ambayo ilikuwa safi.

Siku ya kujitetea, mtahini wa nje, mzee mpole mwenye kikohozi, aliuliza swali moja tu lililonigusa. "Mwanga wa nne, mbona vipimo vitatu?" Nikajibu, "Ndivyo vilivyopatikana, Profesa." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole. Sisi huku tunafanya kazi na makombo." Wakanipitisha. Tulipigwa picha kwenye ngazi. Ninatabasamu katika picha hiyo kama mtu aliyepata nafuu ya ugonjwa ambao hajaambiwa jina.

Njeru aliomba nakala. Nilisema zimekwisha, nitatoa nyingine. Aliomba tena baada ya Pasaka. Nilisema mfunga vitabu amesafiri. Hakuomba mara ya tatu. Ijumaa moja hakuja kazini, naye hakuwa mtu wa kukosa. Jumatatu nilimkuta maabara akipanga vyombo vya mtihani, amevaa koti lake la bluu kama kawaida, na juu ya meza yangu hapakuwa na kitu.

"Nilikuwa Nairobi," alisema bila kugeuka. "Kuna mtoto wa dada yangu anafagia kule chuo. Akanipeleka maktaba, wakakubali nikae."

Nikatafuta pa kuweka mikono.

"Nimesoma siku mzima. Hiyo Kiingereza yenu ni ngumu, sehemu nyingi sikushika. Lakini grafu ni grafu." Aliweka ameta moja sawa na mwenzake. "Nilihesabu. Nikainama, nikahesabu tena. Tatu."

"Mzee Njeru..."

"Sura ya mwisho nimeisoma mara mbili. Nilifikiri labda jina wameandika ndogo."

"Usajili wangu ulikuwa unaisha. Wangenifukuza. Nilikusudia kukuambia."

"Kwa jina sina neno, Mwalimu. Jina ni la nini. Lakini mimi nilishawaambia watu wa nyumbani." Hapo ndipo aligeuka. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Kanisani walinisimamisha. Bibi yangu, Mama Wanja, alinunua soda. Sasa niende niwaambie nini? Kwamba mwalimu amenidanganya, ama ni mimi nimewadanganya? Kwao ni kitu kimoja."

Alisubiri kwa adabu, kama anavyosubiriwa mwanafunzi mzito, kisha akaendelea kupanga ameta.

Baada ya siku hiyo aliniita Mwalimu kama zamani, akanitayarishia kila kitu nilichoomba, na kwa wakati. Hakuniuliza tena swali hata moja la fizikia. Ile meza ya dirishani aliirudisha kwenye safu. Mimi nikaendelea kufundisha kupika, msidhani niliongoka. Matokeo yalikuwa mazuri na sikuona nitaanzaje kueleza kwa nini nimebadilika. Mambo ya nyota niliyaacha. Baadaye nilisoma kwamba mwanga unaweza kuanguka kasi kwa sababu nyingine pia, kwa mfano mlipuko ukitoka kama mkondo mwembamba badala ya kutawanyika pande zote, na kwamba mawimbi ya redio ndiyo husaidia kutofautisha. Kwa hiyo hata sasa sijui kwa hakika mwanga wa nne ulikufa katika nini. Najua tu kwamba vipimo vilikuwa vitano, na kwamba katika maktaba ile ni vitatu.

Njeru aliugua kabla mwaka haujaisha. Ini, walisema. Nilikwenda kumwona hospitalini mara moja, nikakuta amelala, nikaacha machungwa na kuondoka upesi kuliko ilivyohitajika. Alizikwa Kianjokoma, kwenye mteremko wa kahawa yake, na shule ilituma watu sita. Binti yake Wanja alisoma wasifu. Alisema baba yake alizaliwa pale, alisoma pale, alifanya kazi Meru miaka mingi bila kuvunja chombo. Kisha akainua sauti.

"Na baba yetu, ijapokuwa hakufika chuo, aliwafundisha wa chuo mambo ya nyota. Jina lake limeandikwa ndani ya kitabu, Nairobi."

Njeru hakuwa amewaambia kwamba halimo. Alikaa na jambo lile miezi yote, kanisani, nyumbani, kitandani, akawaacha wakiamini, kwa sababu yangu au kwa sababu yao, sijui.

Mchungaji alifurahi sana. Alitazama upande wetu, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Nasikia huyo mwalimu mwenyewe yuko hapa. Mwalimu, hebu simama watu wakuone. Ni kweli haya?"

Nilisimama. Mama Wanja alikuwa amekaa mbele kabisa, amegeuza shingo kunitazama. Pembeni yake kaburi lilikuwa bado wazi.

"Ni kweli," nikasema.

"Watu wa Mungu, mmesikia?"

Wakaitikia wote kwa pamoja: "Amina."